Njia ya Sayansi na Maji ya Mto Mara

Vitabu vya sayansi vya shule za sekondari katika Tanzania aghalabu hufunguliwa kwa sura fupi ihusuyo njia ya sayansi, na katika sura hiyo njia yenyewe huchorwa mfano wa ngazi. Kwanza mtu hutambua tatizo. Kisha huweka nadharia tete. Kisha hufanya jaribio. Kisha hukusanya matokeo na kuyachanganua. Mwisho hutoa hitimisho. Mwanafunzi huvikariri vidato hivyo kwa mpangilio wake, huviandika katika mtihani, hupata alama zake, na aghalabu havirudii tena maisha yake yote.

Ngazi hiyo haina uongo ndani yake. Kasoro yake ni kwamba yaweza kupandwa na mtu yeyote bila kuteleza. Mganga apigaye bao naye hutambua tatizo, hukisia chanzo chake, hujaribu dawa, huangalia matokeo, hukata shauri. Wakili alipwaye kumtetea mteja hufanya vivyo hivyo, tena kwa ustadi mkubwa. Ikiwa vidato vitano ndivyo vifanyavyo sayansi, basi hakuna mtu duniani asiyekuwa mwanasayansi, na jina hilo halina maana. Kilichoachwa nje ya sura ile ni kitu kimoja tu, lakini ndicho kiini cha shughuli yote: makisio hayana thamani mpaka yatamke wazi ni jambo gani halitaonekana ikiwa yenyewe ni kweli, na mpaka yasimamishwe mbele ya makisio mengine yanayoeleza jambo lile lile.

Pengine istilahi yenyewe imechangia. Neno tete humletea msikiaji picha ya kitu kichanga, kisichokomaa, na kitu kichanga desturi yake ni kulelewa. Mwanafunzi asikiapo nadharia tete huona kwamba kazi yake ni kuipalilia na kuimwagilia maji hata ikomae iitwe nadharia. Kumbe kazi aliyopewa ni kinyume chake: ni kuitikisa mche huo kwa nguvu zake zote, na kuuheshimu tu ikiwa umekataa kung'oka. Si vibaya istilahi kubaki, maana imekwisha kuzoeleka. Lakini mwalimu aitumiaye anapaswa kuutaja upande huu wa pili.

Mahali ambapo upungufu huu umeonekana si kama kosa la kitabuni tu, bali kama jambo la maisha ya watu, ni kata ya Matongo, wilayani Tarime, katika mkoa wa Mara. Huko, katika eneo lijulikanalo kwa jina la Nyamongo, ndiko uliko mgodi wa dhahabu wa North Mara, ulioanza kuzalisha mwaka 2002. Mto Tigithe hupita karibu na mgodi huo, nao humwaga maji yake katika mto Mara. Mwezi wa Mei mwaka 2009 maji machafu ya mgodi yalivuja yakaingia Tigithe. Kuvuja kwenyewe hakukuwa na ubishi. Ubishi ulikuwa juu ya madhara. Wakazi walisema kwamba ng'ombe wamekufa, kwamba ngozi za watu zimebabuka, na kwamba hata roho za watu zimepotea. Kampuni haikukubali kwamba hayo yalitokana na maji yake.

Wakazi walikuwa na hoja ya mfuatano: maji yalivuja, kisha ng'ombe wakafa. Hoja ya mfuatano haidharauliwi, kwa kuwa binadamu ameishi kwayo tangu zamani, na ndiyo impayo mkulima kuandaa jembe aonapo mawingu. Lakini ng'ombe wa Tarime hufa pia kwa ndigana, hufa kwa homa nyingine, hufa kwa njaa ya kiangazi. Ili kujua ni wangapi waliuawa na Tigithe, ilipasa kujua ni wangapi walikufa katika wiki zile zile kando ya kijito kingine kisichoguswa na mgodi, katika mifugo inayotunzwa namna moja. Hesabu hiyo nani angekuwa nayo? Mfugaji huhesabu waliokufa. Hakuna aandikaye daftari la ng'ombe wazima wa kijiji cha pili. Basi ni dhuluma kumwambia mwanakijiji kwamba hana ushahidi wa kisayansi, iwapo ushahidi wenyewe ni wa aina ambayo mtu mmoja, akiwa na msiba nyumbani kwake, hawezi kuukusanya. Ukosefu wa hesabu haukuwa dalili kwamba madhara hayakuwapo, wala haukuwa dalili kwamba yalikuwapo.

Kemia ya jambo lenyewe yafaa kuelezwa, maana ndani yake mna funzo ambalo ngazi ya vidato vitano hailitoi. Miamba yenye dhahabu mara nyingi huwa na madini ya salfa. Madini hayo yakiwa chini ya ardhi hutulia. Yakichimbuliwa na kurundikwa juu, hewa na maji ya mvua huyageuza yakatoa tindikali, nayo tindikali huyeyusha metali zilizomo katika mawe na kuzichukua mpaka mtoni. Hayo ni makisio yanayokubali kushindwa. Yakiwa kweli, uchungu wa tindikali sharti uwe mkali karibu na marundo ya mawe na upungue kadiri mtu ashukavyo na mto. Na juu ya mgodi, kabla maji hayajafika kwenye marundo, usionekane. Ukionekana juu na chini sawasawa, makisio yameanguka, hata kama mgodi una makosa mengine mia.

Arseniki ina tabu zaidi. Hiyo ni sumu itokayo mgodini, lakini ni sumu pia iliyolala katika miamba ya dhahabu tangu ardhi iumbwe, na mito ipitayo juu ya miamba hiyo yaweza kuibeba bila kusukumwa na mtu. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa chuo kikuu kimoja cha Norway walitoa taarifa ya vipimo vya udongo, mashapo na maji katika maeneo ya mgodi wa Geita na mgodi wa North Mara, na katika baadhi ya maji ya karibu na North Mara walikuta arseniki kwa wingi wa kutisha. Kampuni iliyapinga matokeo yale. Waliousoma ubishi huo magazetini waligawanyika mara moja: aliyeuchukia mgodi alisema sayansi imesema, na aliyeupenda alisema watafiti wana upande. Wachache waliuliza swali ambalo kila msomaji wa taarifa ya namna hii angepaswa kuanza nalo, yaani maji haya yalikuwaje kabla ya mwaka 2002? Palipo na vipimo vya awali, ubishi huwa mfupi. Pasipo navyo, kila upande hujaza pengo kwa imani yake. Chupa moja ya maji ya mwaka 2001 ingekuwa na thamani kuliko chupa mia za baadaye, na maji ya mwaka 2001 hayachotwi tena.

Ng'ambo ya mto Mara, katika wilaya ya Serengeti inayopakana na Tarime, kuna kazi iliyotangulia hiyo ambayo yaonyesha jinsi mambo yawavyo pale ambapo ulinganifu umeandaliwa mapema. Kazi hiyo ni ya Sarah Cleaveland na wenzake, nayo ilichapishwa mwaka 2003. Kati ya mwaka 1996 na 2001 mbwa wa vijiji vya wilaya ya Serengeti walichanjwa dhidi ya kichaa cha mbwa katika awamu nne, na kila awamu iliwafikia takriban asilimia 61 hadi 74 ya mbwa. Ugonjwa katika mbwa ulipungua kwa asilimia 70 baada ya awamu ya kwanza, na kwa asilimia 97 baada ya awamu ya pili. Tarakimu hizi ni nzuri, lakini peke yake hazithibitishi neno. Kichaa cha mbwa ni ugonjwa upandao na kushuka wenyewe. Huua mbwa wengi, kisha hutulia kwa kukosa wa kuwaambukiza. Mtu angeweza kuchanja mwaka ambao ugonjwa ulikuwa tayari unaondoka, akajisifu kwa kazi ya bahati.

Kinachoipa kazi ile nguvu ni wilaya ya Musoma. Huko kampeni haikuwapo, lakini habari za watu walioumwa na mbwa ziliandikwa kwa uangalifu ule ule. Majeraha ya mbwa walioshukiwa kuwa na kichaa yalipungua Serengeti, yasipungue Musoma. Kama yangepungua kotekote, watafiti wangelazimika kunyamaza, na asilimia 97 zao zingekuwa pambo tu. Ndivyo yalivyo makisio yaliyojiweka hatarini. Kazi yenyewe si kamilifu. Wilaya moja imelinganishwa na wilaya moja, wala si kwa kupiga kura. Na wilaya mbili haziwezi kufanana kwa kila kitu, ikiwa ni idadi ya watu, barabara, au desturi ya kufuga mbwa. Mhakiki mkali aweza kusema kwamba Musoma ilikuwa na sababu zake. Lakini atalazimika kuitaja sababu hiyo na kusema ilitenda kazi lini, na akifanya hivyo amekwisha kuingia katika sayansi yeye mwenyewe, apende asipende.

Tukio lililoleta mzozo mkubwa kuliko yote katika mto huu lilikuja mwezi wa Machi mwaka 2022. Samaki walionekana wakielea, wamekufa, karibu na daraja la Kirumi, mahali ambapo mto Mara hukaribia Ziwa Viktoria. Maji yalikuwa yamebadilika rangi na kunuka. Kwa kuwa mgodi uko upande wa juu wa mahali hapo, shaka ya watu haikuchelewa kupata anwani. Serikali iliunda kamati chini ya Profesa Samwel Manyele, na kabla ya mwezi kwisha kamati ilitoa matokeo yake: samaki wamekufa kwa kukosa oksijeni, nayo oksijeni imemalizwa na kuoza kwa kinyesi na mkojo wa mifugo pamoja na mimea ya majini. Mgodi haukuonekana kuwa chanzo.

Watu wengi walicheka. Kicheko hicho kimeelezwa na baadhi ya wasomi kuwa ni ujinga wa umma usiojua sayansi, na hapo ndipo wasomi wenyewe walipokosea kusoma. Maana katikati ya mizaha ile kulikuwa na swali moja lililo zito: ng'ombe wa Mara walianza kunya mwaka 2022? Aliyeuliza hivyo alidhani anafanya masihara, lakini alikuwa amegusa kanuni ya msingi kabisa. Kitu kilichokuwapo siku zote hakiwezi, peke yake, kuwa sababu ya jambo lililotokea siku moja. Ng'ombe walikuwapo mwaka 2021 na samaki hawakuelea. Basi ama ng'ombe si sababu, ama kuna kitu cha pili kilichoongezeka juu ya ng'ombe mwezi ule, na kitu hicho lazima kitajwe. Yaliyofika masikioni mwa umma yalikuwa jina la mshtakiwa mpya; kile kitu cha pili, ambacho ndicho kingeigeuza habari ikawa hoja, hakikufika, au kilifika kimefunikwa.

Na jibu la swali hilo lilikuwapo, tena limechapishwa miaka minne kabla, kutoka mto huo huo. Juu zaidi, upande wa Kenya, ambako maji ya mgodi wa North Mara hayawezi kufika kwa kuwa mto haupandi mlima, kuna viboko zaidi ya 4,000. Usiku hula nyasi nchi kavu, mchana hulala majini, na kwa siku moja humwaga humo takriban kilo 8,500 za kinyesi. Katika makala yaliyotoka mwaka 2018, Christopher Dutton, Amanda Subalusky na wenzao walieleza yatokeayo. Wakati mto uko chini, kinyesi hutuama katika madimbwi ya viboko na kuoza, na maji ya chini ya madimbwi huishiwa oksijeni. Mvua kubwa ikinyesha juu, mto hufurika, huyasukuma madimbwi yote kwa pamoja, na maji yale maiti hushuka kama wimbi. Kwa miaka 3 walihesabu mafuriko 49 yaliyopunguza oksijeni mtoni. Katika hayo, 13 yaliishusha hata kiwango ambacho samaki hawawezi kuvumilia kwa raha. Na katika muda wa miaka 5 waliandika vifo vya samaki mara 9.

Ubora wa kazi ile hauko katika hesabu peke yake. Mtu aliyeona mafuriko na samaki wafu angeweza kusema kwamba matope ya mafuriko ndiyo yaliyowaziba samaki mashavu. Kwa hiyo watafiti hawakuridhika na kungoja mto. Walifanya majaribio ya kuonyesha kwamba kitu kitokacho katika madimbwi ya viboko, kikichanganywa na maji ya mto, chatosha kula oksijeni kwa kasi ile iliyoonekana. Hapo swali la mzaha lapata jibu lake. Viboko wapo siku zote, na samaki hawafi siku zote, kwa sababu kinyesi ni baruti na mafuriko ndiyo kiberiti. Sababu ya kudumu imepata mwenzake wa ghafla.

Je, hayo yathibitisha kwamba kamati ya mwaka 2022 ilisema kweli? La. Yathibitisha kitu kidogo kuliko hicho, nacho ni kwamba mto Mara waweza kuua samaki wake bila msaada wa mgodi. Hilo lilitosha kuifanya hukumu ya kamati isiwe ya kuchekwa. Halikutosha kuifanya iwe ya kuaminiwa. Kati ya mgodi na Kirumi mto hupita katika eneo pana la matete na mafunjo, ambamo maji hutuama na mimea huoza. Kinyesi cha ng'ombe chaweza kufanya huko kazi ambayo cha kiboko hufanya juu. Lakini chaweza si chafanya. Kutoka neno la kwanza hadi la pili kuna safari, na safari hiyo ndiyo sayansi.

Mshtakiwa wa upande wa pili naye ana hila zake. Sayanaidi, dawa itumiwayo migodini kutenga dhahabu na mawe, haikai majini kama chumvi. Juani na hewani huvunjika na kupotea. Kwa hiyo taarifa isemayo kwamba sayanaidi haikupatikana haina uzito wowote mpaka iseme chupa ilijazwa saa ngapi baada ya samaki wa kwanza kuelea, na wapi. Iliyojazwa siku ileile, ikakosa sumu, imesema jambo kubwa. Iliyojazwa wiki moja baadaye, ikakosa sumu, imesema karibu na hakuna. Metali ni tofauti: hizo huzama katika mashapo na kukaa, hata mtu aweza kukata tope la chini ya mto kwa bomba na kusoma miaka yake kama kurasa. Na samaki wenyewe ni mashahidi, kwa maana samaki akosaye oksijeni hupanda juu kutwetea kabla ya kufa, tena mara nyingi wakubwa hutangulia wadogo. Mvuvi wa Kirumi aliyeyaona hayo kwa macho yake alikuwa na ushahidi ambao maabara ya mjini haikuwa nao, na kumwacha bila kumhoji kungekuwa ni upungufu wa utafiti, si wa adabu tu.

Msomaji ataona kwamba katika maswali haya yote hakuna hata moja litokalo katika ngazi ya vidato vitano. Yote hutoka katika tabia moja, ya kumpa mshtakiwa wa pili nafasi sawa na wa kwanza, na kutafuta mahali ambapo hadithi zao mbili haziwezi kuwa kweli kwa pamoja. Tabia hiyo haihitaji digrii. Mzee wa baraza asikilizaye kesi ya mpaka wa shamba anayo, ingawa naye, kama watu wote, huisahau mmoja wa wadai akiwa ndugu yake. Kutokana na udhaifu huo, vipimo vikifanywa na kampuni peke yake havitoshi, na vya wapinzani wa kampuni peke yao havitoshi, hata pande zote mbili zikiwa na watu wakweli.

Ubishi wa Mara haukuwa wa kudumu kwa asili yake. Kipimo cha oksijeni kinachojiandikia chenyewe kikiwekwa mtoni juu ya mahali Tigithe inapoingia, kingine chini yake, na cha tatu Kirumi, vikaachwa hapo mchana na usiku kwa misimu kadhaa ya mvua, pamoja na chupa za maji zinazojazwa saa ya mafuriko na kugawiwa maabara mbili zisizojuana, kila hadithi italazimika kutabiri kabla. Ikiwa ni kuoza, oksijeni itaanguka kila mto unapofurika baada ya kiangazi kirefu, tena itaanguka chini ya matete hata siku ambazo Tigithe ni safi. Ikiwa ni mgodi, anguko litaanzia kwenye kipimo cha pili, na kile cha kwanza, kilicho juu, hakitaandika kitu.